Nyimbo za Mama Yake Mwalimu Mathayo

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, ila wewe hutaki niisahau. Jana tu ulikuja hapa, shikamoo shangazi, ukaketi, na kabla chai haijapoa ukaanza: "Virusi vya kompyuta ni biashara tu. Wanaouza kinga ndio wanaovitengeneza." Nilitaka kukumwagia hiyo chai. Maneno hayo ni yangu, neno kwa neno, nilipokuwa kijana.

Nilikuwa na steshenari ndogo mtaani Nkuhungu, kompyuta moja na printa moja. Na sababu za kutoamini nilikuwa nazo. Redioni walisema siku fulani kirusi kitameza kompyuta za dunia nzima. Siku ikaja, ikapita, nikaendelea kuchapa barua. Kisha akaja kijana mwenye tai, akachomeka kidude chake, kioo kikajaa maandishi mekundu. Akaniuzia programu ya kinga. Haukupita muda, programu yenyewe ikaanza kunipigia kelele nilipie tena. Nikaifuta. Mwamba ngoma huvutia kwake, nikajisemea, na nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Flashi ya kila mteja nikawa nachomeka bila kuuliza imetoka wapi.

Ndipo akaja Mwalimu Mathayo, mstaafu kutoka Mlali. Alikuwa ameandika nyimbo za Kigogo alizoimbiwa na mama yake, za kupura mtama na za kubembeleza watoto, arobaini na moja. Mama alishazikwa. Madaftari yaliliwa na mchwa, zikabaki kwenye flashi ile peke yake. Alitaka nimchapie kitabu kidogo cha wajukuu. Nikachomeka. Papo hapo majina ya mafaili yakageuka alama za ajabu, na kila nililofungua lilikuwa tupu. Fundi alisema kirusi kilitoka kwenye kompyuta yangu, akahangaika na flashi ile siku mbili. Wapi!

Nami, bila haya, nikaanza kujitetea. Nikamwambia mzee wa watu kwamba wauza kinga wote ni matapeli. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, sisi tumefuga. Kuna mtu alituuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, kumbe maji matupu. Tulimfukuza. Lakini hatukusema kupe hakuna. Tulitafuta dawa nyingine."

Nikafungua ukurasa mpya. Akavuta kiti, akaanza kuimba taratibu ili nichape. Tukapata nyimbo tisa. Wa kumi aliukumbuka mstari wa kwanza, akaurudia, akaurudia tena, halafu akaomba maji ya kunywa. Nami majuto yangu sijayamaliza mpaka leo.

Basi sikia, wewe unayejua kila kitu. Muuzaji mshuku, ni haki yako. Uliza, linganisha, usinunue kwa kutishwa. Lakini usiukane ugonjwa kwa sababu ya mganga mwongo. Kinga ni bora kuliko tiba, na kuna mengine hayana tiba kabisa. Kitu unachokipenda kihifadhi mahali pawili au patatu, na flashi ya mtu ikague kabla hujaifungua, hata kama ni ya mchungaji.

Mungu akupe akili ya kushuku na unyenyekevu wa kujikinga, mwanangu. Na akuepushe na kukaa mbele ya mzee, vidole juu ya kibodi, ukimsubiri akumbuke mama yake alivyokuwa akiimba.