Maombi Marefu ya Bondeni

Rais wa Misri hakuijua Nakuru, lakini miaka ile ya hali ya hatari aliamua kwamba sisi ni ndugu zake. Wafalme waliomtangulia hawakuwa na habari nasi. Yeye alishika imani kwamba kila anayetawaliwa na mkoloni ni mtu wake, na imani hiyo ikaigeuza siasa ya nje ya nchi nzima. Redio yao ikaanza kusema Kiswahili, ikawa inawatukana Waingereza hadi ndani ya chumba changu cha Bondeni.

Mume wangu, fundi cherehani, aliipenda redio hiyo kupita chakula. Mimi niliichukia. Undugu wa mbali, jela ya karibu, nilimwambia. Jirani yetu alikuwa amechukuliwa kwa neno dogo kuliko hayo, na mkewe hakujua kama bado yu hai.

"Wakisoma Kurani naongeza sauti," alinijibu. "Wakianza habari napunguza. Nani atajua?"

Jioni moja mvua ilimleta mlangoni askari wa doria, mtu wa Subukia, akaomba kujikinga. Msomaji wa redioni alikuwa katikati ya sura. Askari akavua kofia, akainamisha kichwa kama yuko kanisani kwao. Mume wangu akaona haya kuzima Kurani mbele ya mgeni anayeiheshimu. Haya! Nilitamani kumfinya. Kisomo kikaisha, na kabla mkono wake haujafika kwenye swichi, sauti ikatoka kwa Kiswahili safi: mkoloni aondoke Afrika, na rais yuko pamoja na wote wanaompinga.

Niliogopa hata nikamwona mume wangu tayari ametiwa pingu, na shati la mteja limebaki chini ya sindano. Kuzima sasa kungekuwa kukiri, kwa hiyo mkono wake ulibaki hewani. Askari hakuinua kichwa. Alisikiliza habari zote, macho kayafumba, mpaka mvua ikapungua.

Kisha akavaa kofia.

"Hii maombi yenu ni mrefu, mama," akaniambia.

"Ndiyo, baba," nikasema.

"Kesho fupisha. Kesho zamu si yangu."