Raho Shuriye na Blogu ya Visima

Raho Shuriye alianzisha blogu yake kwa hasira, na sidhani ingekuwa hai leo kama angeianzisha kwa sababu nyingine.

Mimi naitwa Kiende. Nina saiba mjini Isiolo, karibu na soko, mahali pa kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Ubavuni mwa duka kuna chumba kidogo chenye dirisha la barabarani, ambacho nilimkodishia Raho aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada ya maji ya chini ya ardhi. Kazi yake ni kupima ardhi na kusema kisima kichimbwe wapi, na kama maji yatakayotoka yatanyweka au yatakuwa ya chumvi. Kwao ni watu wa malori na maduka tangu babu wa babu yake alipoletwa huku akiwa askari wa Mwingereza. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuchagua mawe.

Siku hiyo alikuwa ametoka kwenye usaili wa shirika moja lililokuwa linatafuta mtaalamu wa visima. Aliingia bila salamu, na Raho si mtu wa kukosa salamu. Mkoba wake aliutupa juu ya meza, kalamu zikamwagika sakafuni.

"Wameniuliza jina langu linapatikana wapi," akasema. "Yule mwanamume niliyeshindana naye walimtafuta mtandaoni kwa simu, mbele yangu, wakaona amehojiwa redioni na magazetini. Waliponitafuta mimi, wakapata picha ya harusi ya binamu yangu."

"Na vyeti vyako?"

"Waliviona. Mmoja akaniambia, dada, hatuna shaka kwamba umesoma, ila hakuna anayekujua. Kiende, yule waliyemchukua aliniuliza mlangoni kama Sericho kuna hoteli. Hajawahi kufika Sericho. Mimi nimelala kwenye mchanga wa Sericho."

Nilimwokotea kalamu. Nilitaka kumwambia apumzike, lakini tayari alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya pembeni. Hakuondoka hadi blogu ilipofunguka. Aliiita Maji Chini Yetu. Akasema ataandika kila Jumatatu, kwa Kiswahili.

"Wenye kazi wanasoma Kiingereza," nikamkumbusha.

"Watatafuta wa kuwatafsiria," akajibu. "Mimi nimetafsiriwa maisha yangu yote."

Nilidhani itachukua mwezi mmoja ife. Nimeona blogu nyingi zikizaliwa kwenye kompyuta zangu, watu wanaandika mara mbili halafu wanarudi Facebook. Ya Raho haikufa, ingawa kwa muda mrefu wasomaji walikuwa mimi, dada yake, na mtu mmoja asiyejulikana aliyekuwa akiacha matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Aliyafuta matangazo hayo kila wiki huku akisonya. Kisha ananisomea alichoandika. Nikikunja uso, anafuta neno na kutafuta lingine.

"Hapa umenipoteza," nilikuwa nikimwambia.

"Wapi?"

"Hapo kwenye miamba. Sema tu lile jiwe jeusi lenye matundu."

Basi anaandika jiwe jeusi lenye matundu. Alieleza kwa nini pampu inaungua watu wakiilazimisha kuvuta maji haraka kuliko kisima kinavyojaa. Alieleza vile udongo unaotoka na mashine ya kuchimba unapaswa kuwekwa mafungu mafungu kulingana na kina, na kwa nini kontrakta anayeuchanganya wote kuwa lundo moja ana jambo analolificha. Hakuandika kwa upole. Kila makala ilikuwa kama mtu anayegonga meza. Wiki moja alikuwa huko mashariki na mtandao ukakataa, akapanda juu ya tangi la maji la shule na simu mkononi mpaka makala ikaenda. Mwalimu mkuu alimkaripia ashuke. Hakushuka.

Watu wakaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuwa Yattani, mfugaji kutoka upande wa Garbatulla, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chao. Mwanawe alikuwa akimsomea makala kwenye simu, naye anawaeleza wenzake kwa Kiborana penye duka la miraa. Alitaka kujua yeye mwenyewe anaweza kumuuliza nini mtu wa mashine. Raho alimpa maswali, kisha akayaandika kuwa makala ya Jumatatu iliyofuata. Baada ya hapo niliona watu wakija dukani kwangu kuniomba niwachapie "ile karatasi ya Raho".

Yattani huyo huyo ndiye aliyemwita aende kuona kisima kipya kilichochimbwa si mbali na kwao. Raho aliporudi hakuongea nami mpaka alipomaliza kuandika. Kisima kilikuwa kimewekwa nje kabisa ya mkanda wa maji matamu, kwa sababu ndipo barabara ilipoishia na mashine ikaona tabu kuendelea. Maji yalikuwa ya chumvi. Kinamama walikuwa wameyateka, wakayaonja, wakayamwaga. Mbuzi walikunywa kwa sababu mbuzi hawakuwa na mengine, wakaharisha. Na juu ya tangi kulikuwa na bango lililopakwa rangi nzuri, lenye shukrani.

Aliandika yote hayo. Hakutaja kampuni, lakini Isiolo ni ndogo. Kila mtu alijua ni nani aliyechimba, na kila mtu alijua mabomba yalibebwa na malori ya nani.

Alhamisi ya wiki hiyo akaingia Abdinajib, mdogo wa marehemu baba yake Raho. Yeye ndiye aliyemlea Raho na kumpeleka shule. Alikuwa mzee mrefu, ndevu zake zimetiwa hina. Raho humwita Adeer, kama Wasomali wanavyomwita ndugu wa baba.

"Salaam aleikum," akasema mlangoni.

"Waleikum salaam, Adeer. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimepigiwa simu na watu ninaofanya kazi nao. Kuna kitu umeandika. Kiondoe."

"Umekisoma?"

"Sina haja ya kukisoma."

Hapo nilimwona Raho akibadilika uso. Kutukanwa alikuwa amezoea, wengine walishaanza kumwandikia kwamba aende akatafute mume. Lakini hilo la kutosomwa lilimchoma. Aligeuza kompyuta, akamsomea mjomba... la, si mjomba, wao wana neno lao na mimi Mmeru hulichanganya. Akamsomea Adeer makala yote, kutoka juu hadi chini, bila kupandisha sauti. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye fimbo yake. Wateja wangu waliacha walichokuwa wakifanya.

"Niambie uongo uko wapi," Raho akasema. "Ukinionyesha sentensi moja ya uongo, naifuta sasa hivi."

"Hakuna uongo," mzee akasema. "Ningekuwa naona uongo ningewaambia watu wakupuuze. Ni kweli, ndiyo maana nakuambia uiondoe."

"Adeer, wale watu wanakunywa chumvi."

"Na watoto wangu wanakula kwa malori yale. Wewe pia ulikula."

"Najua nilikula." Raho akasimama. "Usinikumbushe chakula nilichopewa nikiwa yatima ili ninyamaze nikiwa mtu mzima. Ulinipeleka shule ili nijue nini? Nijue halafu nifunge mdomo?"

Abdinajib akageuka, akatoka. Kwa wiki kadhaa malori yake yalikaa uani bila mzigo, kwa sababu ile kampuni ilitafuta wengine. Ramadhani ikaja ikapita na Raho hakualikwa kufuturu nyumbani alikokulia. Siku ya Idi, Saadia, mke wa mzee, alimtumia sambusa kupitia mlango wangu wa nyuma. Raho alizila kwa hasira, akitafuna kana kwamba zimemkosea, na hakubakisha hata moja.

Makala haikuondolewa. Ilisambaa hadi Ngaremara, hadi Nairobi. Siku moja lile shirika la usaili likampigia. Wangekuwa na mkutano mkubwa wa maji kwenye hoteli moja hapa mjini, na wangependa aje kuzungumza. Alinionyesha ratiba waliyomtumia. Wengine wote waliandikwa mhandisi fulani, daktari fulani. Yeye aliandikwa Raho, sauti ya jamii.

Aliwapigia pale pale, simu ikiwa kwenye spika, nikasikia kila kitu.

"Mimi ni mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi," akamwambia yule msichana wa ofisini. "Andikeni hivyo, na jina langu lote. Kama ni sauti ya jamii mnataka, jamii iko na simu, nitawapa namba ya Yattani."

Waliandika upya. Alikwenda, akasema alichosema, na sina habari kwamba paa lilianguka. Kilichotokea ni kwamba kamati ya Yattani ilipopata fursa ya kuchimba tena, ilikataa mtu wa kuletewa. Ilimtaka Raho.

Alipima ardhi kule kwa siku nyingi, akarudi mwekundu kwa vumbi, akachagua mahali. Mashine ikachimba. Maji yakatoka matamu, watu wakaimba. Lakini yalikuwa machache. Kisima kilitoa karibu nusu ya kile alichokuwa ametabiri, na ilibidi vijiji viwili vipangiane zamu ya kunywesha mifugo. Maneno yakaanza. Wale waliomtukana kwanza wakapata la kusema.

Jumapili nikamkuta anaandika hayo yote. Ametaja alichotabiri na kilichotoka. Ameeleza pia mahali aliposoma vibaya vipimo vyake.

"Acha hii," nikamwambia. "Wiki hii andika kitu kingine. Hata pampu. Wanakusubiri uteleze."

Aliniangalia kwa macho yale aliyomwangalia nayo mzee. "Wewe pia, Kiende?"

"Nakutakia mema."

"Adeer pia alinitakia mema. Nikificha hii, ile ya kwanza niliandikia nini? Ili kumkomoa mtu?" Akapiga kitufe kwa nguvu mpaka nikaogopa kibodi yangu itavunjika. "Kama jina langu litajulikana, lijulikane na hii ndani yake."

Hatukuongea siku mbili. Nilikasirika, nakiri, kwa sababu ni mimi ninayesikia watu wakimsema foleni ikiwa ndefu. Yattani alipiga simu akiwa na uchungu, akamwambia waziwazi kwamba wazee wamekasirika na kwamba yeye mwenyewe amekasirika. Raho akamwambia wana haki. Alikwenda tena na vifaa vyake, safari hii kwa pikipiki ya Lokuruka, kijana wa bodaboda, kwa sababu hakuna lori la ukoo wao lililokubali kumbeba, akapima upande wa pili wa korongo. Kamati imekubali wachimbe huko mvua zikiisha. Hakuwaahidi maji mengi. Aliwaonyesha vipimo, akawaambia pale ambapo hana hakika.

Sasa watu wa kaunti tatu humwandikia kabla ya kuleta mashine. Mlangoni pa kile chumba nimemwekea kibao chenye jina lake lote na kazi yake, na nimehakikisha herufi ni kubwa. Abdinajib hupita mbele ya duka langu kila Ijumaa akielekea msikitini. Hunisalimia mimi, tena vizuri, akiuliza na watoto. Dirisha la Raho haligeukii. Na Raho, akimwona, husimama wima mpaka mzee apite, halafu hurudi kwenye kompyuta na kuandika kwa nguvu zaidi.