Ndizi Chini ya Nailoni

Dada yangu anaongea na mimea. Tena haongei kwa upole, anafoka. Anafanya kazi kwenye kitalu cha miche, banda la vipandikizi, na ukimkuta asubuhi utamsikia akikiambia kijiti cha waridi, "Wewe, acha uvivu, toa mizizi!" Wenzake wamemzoea. Mimi nilimzoea tangu tukilala kitanda kimoja, ila enzi hizo aliyekuwa anafokewa ni mimi.

Mumewe yuko kwenye ghala la kuivishia ndizi, ng'ambo ya barabara. Zinaingia mbichi, ngumu kama mpini wa jembe, wanazifungia chumbani, wanaachia gesi, na baada ya siku kadhaa zinatoka za manjano. Shemeji ana pua, jamani! Anafungua mlango, anavuta pumzi moja tu, anakwambia kreti za nyuma bado kidogo. Hakosei.

Sasa fikiria watu hao wawili nyumba moja. Ile gesi, dada alinieleza, ni homoni, na tunda lolote linapoiva huitoa lenyewe. Kwa ndizi ni neema. Kwa mche mchanga ni balaa. "Mmea hauna miguu ya kukimbilia wala mdomo wa kulalamikia," aliniambia. "Ukipata shida, habari zinapita ndani kwa ndani kwa homoni. Mizizi ikikosa maji inatuma ujumbe, majani yanafunga vitundu vyake ili maji yasipotee. Ncha ya juu nayo inateremsha homoni ya kuamsha mizizi. Sasa ije hiyo gesi ya kina shemeji yako, majani yanaambiwa yaachie, yanaanguka."

Kwa hiyo sheria ya nyumba ilikuwa moja. Shemeji akitoka kazini anavua koti getini, ananawa bombani, na tunda haliingii chumba cha nyuma anakooteshea dada miche yake. "Mimi sikuoa, nilikamatwa na polisi," alikuwa akisema. Na polisi mdogo alikuwepo pia, binti yao, tuliyemwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni. Alikuwa anashika mikono ya baba yake na kuinusa. "Baba, nawa tena! Bado unanuka ndizi!" Na baba mtu mzima anarudi bombani huku anacheka.

Chiriku alikufa kwa homa. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na mpaka leo mtaa mzima unawaita Mama Chiriku na Baba Chiriku, maana hakuna jina lingine la kuwaita.

Aliacha waridi. Alilipanda mwenyewe ukutani mwa jiko, kijiti alichopewa na mama yake akiwa darasa la kwanza. Lilikuwa jekundu la kuiva, na harufu yake ilikufikia kabla hujafungua geti. Baada ya mazishi dada aliacha kabisa kufoka na mimea. Akitoka kazini alikuwa anakaa kwenye ngazi ya jiko, karibu na waridi lile, mikono mapajani. Ukimwambia twende ndani anasema nakuja. Haji.

Halafu wakaja mafundi wa mabomba kuchimba mtaro. Mimi nilikuwa kwangu, nyumba ya tatu, kichwa kimeinamia cherehani, sina habari. Walilikata waridi, wakang'oa mpaka mizizi, wakatupa juu ya kifusi juani. Nilisikia ukelele wa dada nikatoka mbio, nikidhani kuna mtu mwingine amekufa. Nilimkuta amepiga magoti kwenye udongo, anachambua matawi yaliyosinyaa. Wale mafundi niliwatukana matusi ambayo sirudii hapa, lakini ya nini sasa?

Vijiti vichache vilikuwa bado hai. Alivikata upya chini kwa kisu, akavichovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, akavipanda kwenye makopo, akavifunika nailoni chumba cha nyuma. Vikaanza kuwa vyeusi kimoja baada ya kingine. Kikabaki kimoja, na majani yake matatu.

"Hayo majani ndiyo yanamlisha," aliniambia. "Yakishikilia mpaka mizizi itoke, amepona. Yakianguka mapema, basi tena."

Usiku huohuo alikula sahani nzima, na nikamsikia anakifokea kile kijiti. Nililia kwa furaha, kusema kweli.

Mwaka mmoja wa msiba ulikuwa unakaribia kutimia. Siku moja tunakula, dada ametoka kuchota maji, shemeji akaniambia habari za wakulima wa mananasi. Eti hawasubiri nanasi lichanue kwa hiari yake. Wanalipulizia gesi kama ile ya ghalani, shamba zima linachanua pamoja. "Hata ukilifunika na ndizi mbivu, shemeji, linachanua."

"Na wewe ndizi zako! Kula," nikamwambia.

Hakula. Alitazama mlango alikopitia mkewe. "Nataka siku hiyo aone ua," akasema. "Tangu tumzike yule mtoto sijamwona akicheka." Nilidhani ni maneno tu ya mtu mwenye uchungu.

Wiki ile dada alimwagilia, akafunga nailoni vizuri, akatangaza asiguse mtu mpaka Jumamosi. Jumamosi aliniita nishuhudie. Alipofunua, kabla sijaona kitu, nilisikia harufu ya ndizi.

Majani yote matatu yalikuwa chini, bado ya kijani. Yalikuwa yameachia tu. Nyuma ya kopo, zimefungwa gazeti, kulikuwa na ndizi zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi. Nani mwingine? Damu ilinipanda kichwani. "Nitamla nyama!" nikasema. "Mtu anayenawa mikono miaka yote, leo anafanya hivi?" Nikamweleza dada habari ya mananasi, na ya ua, na ya kucheka.

Dada alikichomoa kijiti polepole. Chini, kwenye kidonda cha kisu, palikuwa na vijizizi vyeupe, kama meno ya mtoto yanapochomoza. Vilikuwa vimeshatoka. Dada alivitazama, akakirudisha kijiti udongoni, akakishindilia kwa kidole.

"Usimwambie," akasema.

"Dada!"

"Nimeshazika mmoja. Nikimwambia hili nitamzika na yeye."

Shemeji alirudi, akanawa, akaja mpaka mlangoni na uso wa mtoto aliyeficha zawadi. "Umeziona ndizi? Ni kama wakulima wanavyochanusha mananasi. Imefanya kazi?"

"Imefanya," dada akasema. "Nampeleka kitaluni akamalizie huko, kuna mwanga mzuri." Mimi nikasimama mbele ya kopo asilione.

Kule kitaluni kijiti kilikuwa cheusi hata kabla ya Jumamosi nyingine. Dada alikizika nyuma ya banda, peke yake. Halafu akatafuta kwenye safu za waridi jekundu moja la rangi ileile, akalihamishia kwenye lile kopo letu, kopo la rangi lenye kutu mdomoni, na siku mwaka ulipotimia akalileta nyumbani likiwa na ua moja limefunguka.

Aliliweka kwenye ngazi ya jiko. Mimi niliinama kwanza nikalinusa. Halikuwa na harufu yoyote. Haya ya kitaluni yanazalishwa yadumu kwenye chombo cha maua, harufu hawayatafutii. Nikamtazama dada, naye akanikata jicho.

Shemeji akaja. Akachuchumaa, akasogeza pua yake, ile ile inayojua kreti za nyuma bado, akavuta pumzi. Akavuta tena. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Ni yeye," akasema. "Harufu yake ileile."

"Nilikwambia atashika," dada akasema, na akacheka, kicheko kile alichokuwa akikitaka mumewe, na machozi yanamtiririka.

Tulipakua chakula. Shemeji haonekani. Nikatoka kumwita, nikamkuta bombani, maji yamefunguliwa yote, anasugua mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, ananusa, anasugua tena. Siku hiyo hakwenda kazini. Hakuwa ameshika hata ndizi moja.