Kamba ya Nguo ya Papa Baharanyi

Waya ule niliufunga mimi. Nasema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwenye kosa. Naitwa Sidonie, kazi yangu ni kufulia watu nguo, na huu ni mwaka wa sita napanga chumba katika kiwanja cha Papa Baharanyi hapa Himbi.

Papa Baharanyi alitoka upande wa Bukavu akiwa kijana, akafanya kazi ya phonie, redio ya kuitana kwa mbali, parokiani miaka thelathini na mmoja. Watu walijipanga mbele ya kidirisha chake, naye akapeleka habari za ndoa na za vifo kwa redio mpaka misheni za mbali. Alipostaafu aliendelea na redio kama wengine wanavyoendelea na pombe. Kibali chake cha serikali alikitia kwenye fremu, na juu ya paa akasimamisha antena ya mabomba ya alumini. Ni mkaidi, ni bahili wa maneno, na kola ya shati lake lazima ipigwe pasi mara mbili. Nampenda hivyo hivyo.

Kisha mji ukaingia mikononi mwa mabwana wapya. Wenye bunduki wakatangaza kwamba atakayekutwa na mtambo wa kurusha sauti ni mpelelezi, na sote tulijua wapelelezi wanapelekwa wapi. Papa Baharanyi akashusha mabomba, akakichoma kibali kwenye mbabula ya makaa. Simu nazo zilikuwa zimenyamaza wiki ya tatu, na binti yake wa pekee, Christa, muuguzi, yuko Kisangani. Ndipo nikaona nyaya mbili mpya za kuanikia nguo uani.

Wa nyuma, ulioshikiliwa katikati na mti wa mwanzi, alinikataza kuugusa. Wa mbele aliniachia kwa sharti moja: kila siku ikifika saa tisa na nusu niondoe nguo zote. Nikasema moyoni, huyu muzee na visirani vyake. Sikujua kwamba ndani ya mwanzi inapita kebo, inaingia chini ya mawe ya volkano na kutokea jikoni kwake. Waya wa nyuma ndio uliolishwa na redio. Wa mbele haukuunganishwa na chochote, ncha zake zilifungwa kwa nailoni kwenye nguzo za mbao. Watu wa kazi yake wanauita parasite, kwa sababu unakula kwa jirani. Lakini mla kwa jirani huyo ndiye anayeamua sauti iende wapi. Ukiwa mfupi kuliko mwenzake, unaivuta sauti upande wake. Ukiwa mrefu, unairudisha nyuma. Papa Baharanyi aliukata mfupi, upande wa Kisangani. Haya alinieleza baadaye, tulipokuwa hatuna tena la kufichana.

Ila redio yenyewe niliijua. Ukuta wetu ni wa mbao, na kila saa kumi nilimsikia akinong'ona na mwanawe. Siku moja Christa alimwambia, "Papa, kama nakosa sauti yako siku tatu, nitajua balikukamata. Niko nakuya." Angekuja vipi? Ndege mpaka Beni, kisha barabara, vizuizi baada ya vizuizi, Kalengera, Rumangabo. Dereva Habiyaremye wa nyumba ya pili alishika njia hiyo mwezi uliopita, na mpaka leo mkewe anamwekea chakula.

Jumatatu nilianika mablanketi ya kliniki, mazito, yamejaa maji. Nailoni ya upande mmoja ikakatika. Nikatafuta kipande cha waya, kama meta moja, nikakiunga pale, nikakaza fundo mpaka vidole vikauma. Tenda wema nenda zako, wanasema, nami nikaenda zangu bila hata kumwambia mwenye kamba.

Saa kumi nilimsikia akiita. Christa alijibu kwa mbali sana. "Papa? Papa, sikusikie." Redio yake ni kubwa, ina umeme wa hospitali. Ya baba yake ni ndogo, inakula batri ya pikipiki. Baba alimsikia mtoto, mtoto hakumsikia baba.

Jumanne alibadilisha batri. Alifungua viungo vyote vya kebo, akavikwangua, akavifunga. Kila alichokikagua kilikuwa kwenye waya unaolishwa. Nani angeushuku usiounganishwa na kitu? Na kusimama uani akitazama nyaya aliogopa, maana doria ilipita kila mara. Saa kumi sauti ikaja tena, nyembamba. "Papa, leo ni jour ya pili. Kesho nikikosa, asubuhi nakamata ndege." Nikamsikia muzee akilia. Sijawahi kuogopa sauti ya mtu kama nilivyoiogopa ile.

Jumatano, saa tisa na robo, nilishindwa. Nikaingia jikoni kwake.

"Muzee, unisamehe. Niko nasikiaka mutoto yako kwa ukuta."

Uso ukamwisha damu. Akageukia mlangoni kana kwamba nimekuja na watu. Macho yake yakatua kwenye mablanketi, kisha kwenye nguzo.

"Ile waya pale, nani alifunga?"

"Ni mie. Nailoni ilikatika."

Alichukua koleo, akatoka mbio, mzee wa miaka sabini na mmoja. Akaikata ile meta moja niliyoiunga, iliyoufanya waya mfupi kuwa mrefu kuliko mwenzake. Mablanketi yote yakaanguka kwenye vumbi jeusi. Na papo hapo wanaume wawili wenye bunduki wakaingia getini.

"Muzee, uko unakata nini?"

Muzee alisimama na koleo mkononi. Lakini mdomo wangu, Mungu anajua, haujawahi kuniangusha. Nikapiga kelele. "Muone! Mablanketi ya bagonjwa! Kila siku huyu muzee ananikatia kamba, anasema nguo zangu zinamuzibia jua!"

Mmoja akacheka. Wa pili akausogelea mwanzi, akaugonga kwa mtutu. Nikafumba macho.

"Fungia mama kamba yake," akasema.

Nikatoa nailoni mfukoni mwa kitenge. Yule kijana mwenyewe akaishika ncha ya waya, akaivuta, muzee akafunga.

"Juu ya nini unatetemeka?" kijana akamuuliza.

"Ni uzee, mwanangu."

Wakaketi kivulini wakavuta sigara, na walipotoka ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Muzee akakimbilia redio, akaita mara moja tu.

"Papa! Nakupata cinq sur cinq, muzuri kabisa! Papa, nilishafunga sakoshi ya safari!"

Muzee alifuta macho kwa kola ya shati. Akanisukumia kile chombo cha kusemea. Nikasema, "Ni mie Sidonie, mupangaji. Papa yako iko muzima. Ni mie niliharibu kamba. Usikuye, dada. Usikuye."

Kilio, kisha akajibu kwamba amesikia: "Bien reçu, mama."

Kwa hiyo sauti yangu nayo imerushwa, na kama yeye ni mpelelezi, mimi pia. Sasa kila saa tisa na nusu naondoa nguo, napapasa mafundo yote manne, kisha nakaa getini na beseni langu mpaka amalize kunong'ona. Doria ikipita, mikono hunitetemeka ndani ya povu. Wakiuliza, nitasema ni uzee. Nina miaka thelathini na minne.