Kiko cha Gaudiosa

Mganga hajigangi, na kwa hilo mzee Teodori wa Malangali hakuwa na la kujitetea. Wazee wa Sumbawanga, na wengine kutoka Mwimbi huko, walimletea viko vyao vya zamani vya kuvutia tumbaku, mirija yake ya mpira mgumu mweusi imepauka ikawa ya kijani na kutafunwa kama muwa. Yeye aliisugua kwa msasa laini, akaipaka mafuta ya alizeti, mpaka ule mpira mgumu ukarudia weusi wake. Alama za meno alizitoa kwa mshumaa, maana mpira ule ukipata joto hulainika, na palipobonyea huinuka penyewe. Kisha alimgombeza mwenye kiko. "Vuta, mzee mwenzangu. Usitafune."

Kiko kimoja tu kilikaa dirishani kwake miaka sita bila kutengenezwa. Kilikuwa cha marehemu mkewe, Gaudiosa, mwanamke aliyevuta tumbaku hadharani na asiyeomba ushauri wa mtu. Mrija wake ulikuwa na vishimo viwili, cha juu na cha chini, pale alipouma miaka thelathini. Teodori alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mkewe. Vishimo vile alivipapasa kila asubuhi kwa kidole gumba.

Juni hii binti yao, Jovina, akakitazama. "Baba, huu mrija unaanza kupasuka. Usipousafisha utakatika."

"Nitausafisha. Ila alama za mama yako siziondoi."

"Nani kakwambia uziondoe?"

Basi asubuhi moja, ukungu umekuja mpaka mlangoni, mzee akaketi na msasa wake. Akasugua kuzunguka vishimo, taratibu. Kijani kikatoka, weusi ukaja, na harufu ya tumbaku kuukuu ikampanda puani. Mara akamwona Gaudiosa jikoni, kajifunga kitenge, anawasha kiko kwa kaa la moto, anamcheka yeye asiyevuta. "Unaogopa moshi, Teo?" Ilikuwa sauti yake hasa. Aliifuata, jamani, akaingia nayo hadi kwenye jiko lao la zamani, akaketi karibu naye.

Mkono haukwenda naye. Ulibaki kazini, na kazi uliijua: ukawasha mshumaa, ukapitisha mrija juu ya moto kama siku zote.

Harufu ya mpira ikamzindua. Akapuliza mshumaa. Kishimo cha chini kilikuwepo. Cha juu kilikuwa kimejaa, pameinuka pakawa sawa.

"Nimemfuta," alisema, na machozi yakamtoka palepale, mtu mzima wa miaka sabini na mbili.

Lakini mpira ulikuwa bado laini. Teodori, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutia kiko mdomoni, aliutia ule mrija kinywani. Ulimchoma. Meno ya chini yakakaa ndani ya kishimo cha mkewe, ya juu yakauma palipofutika.

Jovina akaingia na chai. "Baba, leo umeanza kuvuta?"

Mzee akatikisa kichwa bila kuachia. Mpira ule hupoa kwa dakika tano tu, na hakuna aliyelijua hilo kumzidi yeye. Aliendelea kuuma mpaka ukungu ukaondoka.