Betri ya Kumsikiliza Kanini

Nakumbuka Jumapili moja, mjukuu wangu, wakati nilikuwa bibi mpya huku Makueni na redio ya nyumba yetu ilikuwa inakula betri ya gari. Weka hiyo laptop chini kwanza. Najua imebaki chaji kidogo, nimeisikia ikilia.

Mama mkwe wangu alikuwa na msichana mmoja tu, Kanini, ameolewa mbali kule Zombe. Tangu aende hakuwa amerudi. Sasa tukaletewa habari kwamba kwaya yao imerekodiwa, itatoka kwa redio Jumapili asubuhi, na Kanini ndiye anaanzisha. Mama mkwe akasema wiki hiyo mtu asiguse redio.

Lakini kulikuwa na Mutua, ndugu ya bwanangu. Rumba ikilia, miguu yake haiulizi mtu. Nikimwambia betri itaisha, ananijibu na ile sauti yake ya kuvuta, kama ng'ombe ameshiba, "Shemeji, betri haiishi. Inachoka tu. Iache ilale." Ikififia anaizima, anangoja kidogo, anaiamsha tena. Wiki yote hivyo.

Jumapili tukakaa. Mama mkwe amefunga kitambaa cha kanisa. Kanini akaanza, sauti nyembamba, kama maji ya kwanza yakitoka kwa mchanga ukichimba mtoni. Halafu ikaanza kwenda. Si kukatika, kwenda, kama mtu anaimba akiteremka, akiteremka. Mama mkwe akalaza sikio juu ya redio, akafunga macho. Ikanyamaza katikati ya wimbo.

Mimi huo wimbo nilikuwa naujua, na kuiga watu sijaanza leo. Nikaumalizia pole pole nyuma yake, na sauti ya Kanini. Hakuinua kichwa. Nje kuku walikuwa wanapekua majani, na ilikuwa ni kama Zombe imekuja hapo nyuma ya jiko.

Nilipomaliza akasema, "Umeimba vizuri. Lakini Kanini hapo mwisho hapumui. Anapita tu." Halafu akainua kichwa. "Na wewe Mutua, betri hutunzwa ikiwa bado inaongea."

Tukaipeleka mjini Sultan Hamud, ikakataa kushika chaji. Yule mzee wa kuchaji, mtu wa pwani, anaongea kama anamimina chai, akaniambia, "Bibi yangu, hii mmeifyonza hadi imekufa. Ikifika nusu, ileteni."

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Hiyo laptop ikipungua, ichaji, usingoje ijizime. Usiiache kwa jua hapo dirishani, wala usiifunike na blanketi ikiwa na joto. Na kama kuna mtu wako wa mbali atapiga simu Jumapili, sinema zako zingoje. Utaniambia, "Susu, hii ni ya kisasa." Hata Mutua alisema ile ilikuwa ya kisasa, na sauti kama hiyo yako.

Haya, chomeka hiyo waya. Na Mungu akulinde, sauti unayoingojea ikufikie mpaka mwisho wa wimbo.