Ngoma Iliyokataa Kuota Moto

Mwanamume aliyetaka kunioa alikuwa kiongozi wa bendi ya jazi pale Voi, na hakuacha mtu asahau. Alijifunza ngoma jeshini, akarudi na suti nyeupe, akawa anatembea mtaani Kaloleni kana kwamba reli ilijengwa ili imlete yeye. Wapiga tarumbeta wake walimwita Bwana Mkubwa, naye aliitika. Naambiwa mpaka uzeeni alikuwa akisimulia kwamba sisi Wataita hatujui muziki. Mimi nilimpenda, msinicheke. Nilikuwa msichana, na suti ilikuwa nyeupe kweli.

Baba yangu, mzee wa kanisa huko mlimani, alisema hamwozi bintiye kwa mtu asiyeijua kazi yake. Basi bendi ije Jumamosi ipige uani kwetu, na posa ijibiwe hapo hapo.

Wakaja siku ya ukungu. Ukungu wa kwetu hauna adabu, huingia hata ndani ya sufuria, na ngozi ya ngoma ikilowa hulegea. Mtoto yeyote wa mlimani anajua kwamba ngoma huota moto kwanza. Bwana Mkubwa akainua virungu kwa madaha, akapiga. Ngoma ikalia kama gunia la mahindi lililodondoka. Akapiga tena kwa hasira, ikawa vile vile. Tarumbeta nazo zikapotea, kila moja ikashika njia yake. Majirani wakaziba midomo kwa leso.

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa amepiga mwazindika, ngoma ya kupunga pepo, miaka mingi kabla Biblia haijaingia nyumbani. Akamwonea huruma, akatoka jikoni.

"Mjukuu wangu, ilete motoni kidogo, ipate sauti."

"Toka hapa, mama! Hii ni ngoma ya kizungu, si ya mashetani yenu."

Majirani wakashusha leso. Hata baba, aliyekuwa akimkemea mama yake kwa ngoma yake ya pepo, alikunja uso. Nyanya akarudi jikoni. Mimi nikajiuliza: Majivuno ya nini, na ngoma yenyewe imelala?

Baba akaniita mbele ya wote. "Mwanangu, chai ile pale. Kama umemkubali, mpe."

Nikakichukua kikombe kwa mikono miwili. Bwana Mkubwa akanyoosha mkono kukipokea, anatabasamu. Nikampita, nikampelekea nyanya jikoni.